Dakika Kumi na Mbili

Julai, Nairobi hufungua jokofu lake
na kusahau kulifunga.
Nimelizuia dirisha kwa kopo la rangi,
baridi ya Umoja inaingia na vumbi lake,
nami nimejifunga leso juu ya koti, koti juu ya sweta.
Si mimi ninayeitaka hewa hii.

Ni hii kadi ya michoro,
tofali jeusi lenye feni tatu,
niliyoilipia kwa mizunguko miwili ya chama
na uongo mmoja: nilisema nyumbani ni cherehani.
Mama bado huuliza, Kerubo, umeshona nini?

Nashona jengo ambalo halijajengwa.
Ghorofa kumi na nane, kidimbwi juu ya paa,
wanawake wasio na vivuli wanakunywa sharubati.
Mteja anataka jua la saa kumi liguse kochi,
na anataka alione saa mbili asubuhi.
Picha elfu moja mia nane.
Saa tano za kazi, na saa tano ndizo nilizo nazo,

kwa maana swichi kuu ya ngazi yetu ni ampea kumi,
vyumba vitatu tunagawana,
na saa kumi na moja kamili, kila alfajiri,
Ombati hutumbukiza hita yake ndooni.
Hita ya Ombati na kitu kingine chochote
hawapatani. Giza huamua kesi yao.

Basi naanza kubembeleza.
Megahezi kumi na tano. Ngoja.
Kumi na tano tena. Sikiliza.
Kama anayeonja chumvi kwenye mchuzi wa wakwe.
Nyuzi sitini na tatu, feni zinanguruma,
elfu mbili mia tisa —
skrini ikatapika nyota za kijani
ikawa nyeusi kama sufuria ya shule.

Mtaka yote hukosa yote.
Lakini mimi sikutaka yote!
Nilitaka kidogo tu, kidogo kilichozidi.

Nikawasha upya. Safari hii sikusukuma.
Nikapunguza volti, uzi kwa uzi,
kama anayemvua mtoto sweta moja
na mtoto, ghafla, anakimbia.
Joto likashuka. Wati zikashuka.
Mapigo yakabaki juu palepale.
Nilikuwa nimesoma kwamba huwa hivi.
Kusoma ni kusoma; usiku wa manane, peke yako,
ukikuta ni kweli, unacheka kwa sauti
halafu unakumbuka majirani.

Asilimia nne.
Asilimia nne ya saa tano ni dakika kumi na mbili.
Nikazipanga kama noti mpya:
tatu za chai, mbili za kunyoosha mgongo,
saba za kulala juu ya kibodi bila aibu.

Saa kumi na dakika thelathini na tano
nikasikia ndoo.
Mapema. Kisha mtoto wao, analia kwa koo lililokauka,
na mkewe Ombati: fanya haraka, amejitapikia wote.

Picha themanini na moja zilibaki.
Kwa mwendo wangu, dakika kumi na tatu.
Kidole kilikuwa juu ya kipanya, na kichwani
swichi ilikwisha kuruka, kazi imekufa, mteja anapiga simu,
na mtoto amelowa gizani.

Nikashusha kadi hadi wati mia mbili.
Feni zikanyamaza, moja, nyingine, ya tatu.
Upande wa pili wa ukuta, tiki ya soketi.
Taa ikafifia,
ikafikiria,
ikabaki.

Picha zikaanza kutoka polepole, moja moja,
kama watu wanaotoka ibadani.
Kochi lile likapata jua lake
saa kumi na moja kamili, bila dakika ya ziada.
Chai sikunywa.

Nyuma ya ukuta maji yalimwagika, mtoto akanyamaza.
Kadi ilikuwa inapoa, ikilia kidogo kama bati la jioni.
Nikafunga dirisha, nikaweka viganja
pale inapotolea joto,
nikavishika hapo mpaka lilipokwisha.