Soma Tu

Saa tano usiku, jikoni kwa marehemu, Barabara ya Foleshill, Coventry.
Februari. Dirisha linatoka jasho kwa ndani.
Hatibu, mwanawe, ameingiza nywila,
akaniachia kiti, akaenda kuosha vikombe
ambavyo havikuwa vichafu.

Faili ni daftari la chama chetu cha kuzikana:
nani katoa, nani anadaiwa,
nani tumemlaza hapahapa chini ya barafu,
nani kasafirishwa Tanga na stakabadhi ya mizigo.
Miaka kumi na tisa Bwana Shekue aliliandika
ndani ya kihariri cheusi kisicho na kitufe hata kimoja,
herufi za kijani kama taa za gereji ya mabasi
alikofunga nyaya hadi mgongo ukagoma.

Nikaandika rambirambi za wiki nzima.
Pauni ishirini, Bi Mwanasiti.
Hamsini, vijana wa ghala la vifurushi.
Kumi na moja na senti, yule jamaa wa Rugby
aliyeleta sarafu ndani ya soksi.
Kisha mstari wa mia mbili na nane: jina lake mwenyewe,
na mbele yake neno moja,
ametangulia.

Hifadhi, nikaamuru.
Ikajibu: faili hii ni ya kusoma tu.

Ndivyo alivyokuwa. Akimaliza kuandika
huufungia nje hata mkono wake mwenyewe.
"Mkono wa usiku," alikuwa akisema,
"haufai kuaminiwa fedha za watu."

"Toka, uanze upya," akasema Hatibu kutoka kwenye sinki.
Nitoke? Saa nzima ya majina inaning'inia hewani,
haijagusa diski:
jeneza liko begani, kaburi halijachimbwa.

Hakuna haja ya kutoka. Mlango upo humuhumu.
Nukta pacha, alama ya mshangao,
amri fupi ya kubadili ruhusa,
na mwishoni alama ya asilimia,
visifuri viwili na fimbo katikati,
maana yake: hiihii, si nyingine.

Nne kusoma, mbili kuandika, moja kutenda.
Hesabu ya darasa la kwanza.
Mwenyewe, kikundi, wengine:
safu ni tatu, hakuna safu ya marehemu.
Kwa mashine hii mwenyewe bado ni yeye,
ameketi, anapumua, anabonyeza.
Nilikuwa na nne yake. Nikamwongezea mbili.
Sijui kama hiyo ni hodi
au ni kujikaribisha.

Ikaonya: ruhusa zimebadilika
tangu uanze kuhariri.
Zimebadilika, ndiyo.
Nikahifadhi kwa mkazo, na safari hii ikanyamaza,
ikahesabu mistari, ikakubali:
mia mbili na nane.

Hatibu alikuwa nyuma yangu, taulo begani,
anasoma polepole kama mtu anayesoma kwa sauti.
"Usiiache wazi," akasema.
Nikaondoa mbili. Ikabaki nne,
kama alivyoiacha.

Akakaa kimya, kisha akauliza
kama baba anadaiwa na chama.
Nikapanda juu, mstari wa saba, safu ya michango.
Alishalipa hadi Juni.