Chuchay Hewani

Mwaka ule wa tisini na tatu umeme wa Iloilo
ulikuwa mgeni asiye na adabu:
unaingia bila hodi, unaondoka kabla ya chai.
Sinema tulikwenda hivyo hivyo,
mimi, Mama, na dada yangu Purising
aliyeficha karanga za kuchemsha kwenye soksi
kwa sababu mlangoni walikagua mikoba.

Sikudanganyi: zilikuwa filamu mbovu.
Mwanamume mwenye bastola na nywele za mafuta,
binti tajiri analia kwenye ngazi za marumaru,
mvua ya mpira wa kumwagilia bustani
inayonyesha upande mmoja tu wa barabara.
Yote hayo tuliyavumilia. Tulikuwa tunamngoja mjakazi.

Chuchay Palmares!
Kwenye bango jina lake lilikaa chini kabisa,
limebanana na anwani ya mpiga chapa.
Pengo la jino, macho yasiyoelewana,
ndara moja mguuni, ya pili siku zote imepotea.
Akitokea na beseni la nguo, hajafumbua hata mdomo,
watu wameshashika mbavu.
Filamu nzima nzima hakuna aliyembusu.
Alizabwa kofi kwa samaki, alikaliwa na nguruwe,
alifungiwa kabatini usiku wa harusi ya wenzake,
na sisi tukirudi nyumbani tumembeba yeye,
bibi harusi tumemwacha hukohuko.

Mama hakuwa mtu wa kucheka.
Alishona sare za shule, pini midomoni,
na ukikaa na pini midomoni miaka kumi na miwili
unajifunza kusema kidogo.
Baba alikuwa melini, kwa Wagiriki.
Barua zake zilinuka dizeli, kisha zikaacha kunuka,
kisha zikaacha kuja.

Sasa basi, Jumamosi moja ya Aprili,
Chuchay yuko juu ya ngazi, beseni kichwani,
anakanyaga sabuni, miguu inamtoroka,
shuka zinafunguka juu yake moja moja –

giza.

Feni zikafa. Mtu akasonya.
Watu mia mbili tumekaa tunatiririka jasho
na mwanamke mmoja ananing'inia hewani,
hajafika chini, hawezi kufika chini
mpaka shirika la umeme lipende.

Ndipo sauti ikatoka kwenye kiti cha kando yangu,
nyembamba, ya puani, sauti ya Chuchay mtupu:
"Msiniinue bado, jamani! Huku chini kuna upepo!"

Ukumbi ulipasuka.
Mzee mmoja nyuma alicheka hadi akaomba maji.
Nikapapasa gizani nishike mkono wa Mama
nihakikishe ni wake. Ulikuwa wake:
sindano imechomekwa kwenye pindo la mkono wa gauni,
na mkono wenyewe unatetemeka.

Umeme uliporudi, uso wake ulikuwa umeshafungwa.
Purising akauliza, akaambiwa avae soksi yake.
Mimi nikajua: Mama filamu hii alishaiona,
maneno ameyakariri.
Nikakaa na ujuzi huo miaka thelathini.

Sinema ile siku hizi ni duka la matairi.
Mwezi uliopita mtoto wa Purising akaiokota filamu yetu
kwenye kompyuta, ina michirizi, rangi yake chai iliyopoa.
Nimeitazama yote.
Anguko lile ni sekunde mbili.
Chuchay anafika chini, puu, anasema, "Mgongo wangu,"
basi, tunapelekwa kwa binti tajiri na machozi yake.
Upepo haumo.
Nikarudisha nyuma mara tano. Mara sita.
Haumo.

Mama, hukuniambia.

Nikaisimamisha pale anapoelea,
ndara moja, shuka angani, mdomo wazi.
Nikazima taa ya chumba.
Nikazima na feni.
Nikangoja.