Kurasa Zilizoshikana

Kilinifikia kwa kilo, kama omena,
ndani ya gunia la madaftari ya shule iliyofungwa huko Yala:
kitabu cha samaki wa ziwa hili, chapa ya kwanza,
picha za rangi kumi na mbili. Nimezihesabu mara tatu
maana ikipungua moja, bei huanguka nusu.
Ogwel alinitoza shilingi themanini kwa kilo.
Kitabu kilikuwa robo tatu. Piga hesabu mwenyewe.

Usiku, Kibuye imenyamaza
isipokuwa mbwa na yule fundi wa sufuria asiyelala,
nikanunua bando la saa moja, nikawatafuta ndugu zake.
Wako watatu duniani, au watatu wanaouzwa.
Mmoja dola mia mbili na kumi, mgongo umelegea.
Mmoja mia nne, koti lake la karatasi lingalipo.
Wa tatu dola elfu moja mia saba na senti kumi na tisa,
na hakuna wa kunieleza hizo senti kumi na tisa ni za nini.

Changu nikakiandika mia tatu tisini na tisa.
Alfajiri, yule wa mia nne yuko mia tatu tisini na nane.
Nikashuka. Akashuka.
Siku sita tukateremka ngazi pamoja, mimi na nisiyemjua,
hadi binti yangu Apondi akacheka:
Baba, huyo si mtu. Ni mashine,
imeambiwa ikuchungulie, ikukate kila ukilala.
Nikaona haya. Nilikuwa nimeshampa sura:
mzee wa sweta, kikohozi, deni la kodi ya nyumba.

Lugha ya kazi hii nimejifunza polepole.
"Kizuri" maana yake kimechoka.
"Kizuri sana," kuna mtu alikipenda kwa kiasi.
Jina la mwenyewe kwa wino hupunguza thamani
ila mwenyewe akiwa mtu mkubwa; hapo huongeza.
Humu mmeandikwa: J. Nyangweso, zawadi, wa pili kwa Hesabu.
Punguza.
Lakini kurasa nane za nyuma zimeshikana juu,
hazijawahi kukatwa tangu zitoke kiwandani.
Ongeza. Ongeza sana.
Wahenga mlisema kipya kinyemi ingawa kidonda;
hamkunionya juu ya kikuukuu kisichosomwa,
kwamba Nyangweso kwa uvivu wake
ameniachia mali kuliko angekimaliza.

Alhamisi akaja mama wa mabwawa ya samaki kule Kibos,
buti zina tope hadi magotini.
Aliuliza kama ningu yumo.
Nyanya yake alikuwa akimsimulia ningu,
jinsi walivyopanda mito mvua ikinyesha, kwa maelfu,
naye kwa miaka yote ya kufuga hajamtia machoni.
Nikafungua orodha. Yumo. Ukurasa wa mia moja arobaini na moja.

Ndani ya zile zilizoshikana.

Wembe uko kwenye droo, ule wa kukatia kamba za vifurushi.
Tuliutazama wote wawili, nikaifunga droo.
Nikawasha tochi ya simu, nikazibinua kurasa kwa chini
kama mdomo wa bahasha, yeye akainama, shavu juu ya meza.
Naona mkia, akasema.
Naona "hupatikana kwa wingi," halafu karatasi inajikunja.
Alikaa hivyo mpaka wateja wawili wa kalamu wakaondoka.
Ndipo akauliza bei, nikaitaja kwa shilingi,
na hakushtuka wala kuomba nipunguze.
Alipangusa tope lake mlangoni. Akatoka.

Mwaka wa nne huu kizuri chajiuza, nami nangoja.
Jana usiku nilirekebisha maelezo yake mtandaoni:
kurasa nane hazijakatwa; ndani mna samaki, mkia unaonekana.
Nikapandisha dola kumi kwa ajili ya huo mkia.
Kabla sijazima taa
yule asiyelala naye alikuwa amepanda,
tisa na senti tisini na tisa.