Safu ya Tatu

Mimi ni mtunza hesabu wa nyumba themanini na nne
hapa Kileleshwa, na leo tunafunga mwaka.
Safu mbili tu: kilichoingia, kilichotoka.
Hivyo ndivyo nilivyofunzwa chuoni
na sijawahi kukosea hata senti.

Angalia. Mwaka nilioajiriwa
maji ya kisima yalikuwa mita mia na ishirini chini.
Juzi Musyimi kaja na mtambo wake,
tope likamrukia hadi kwenye kope,
akateremsha bomba, akaongeza bomba, akaongeza,
akaniambia, "Mia tatu na kumi, dada.
Na yanakuja kwa kusitasita."
Nikamlipa. Nikaandika: "Uboreshaji wa mali."

Uboreshaji!

Na mkuyu wa langoni,
miaka yote ile ya kivuli na ndege na walinzi kusinzia
(Bi Kerubo, mwenyekiti, aliwatoza faini),
sikuwahi kuuandika popote.
Ulikuwa sifuri.
Siku ulipoangushwa ndipo ulipoingia daftarini:
kuni, shilingi elfu kumi na mbili.
Maegesho ya magari sita, kodi kila mwezi.
Kisha feni za ofisi. Kisha stima ya feni.
Kila kitu kilikua ila mti.

Wahenga walisema mali bila daftari
hupotea bila habari.
Niwaulize basi, kwa heshima:
na hii iliyopotea daftari likiwa wazi,
kalamu mkononi, stakabadhi zote zipo?

Saa nne usiku. Wakaguzi watakuja Jumatatu.
Nimechukua rula, nimepiga mstari
ukingoni kulia, pale panapochafuliwa na vidole.
Safu ya tatu. Sijui niiiteje.
"Tulichochukua bila hodi," labda.
Nimeandika: maji, mita mia na tisini.
Nimeandika: mkuyu, mmoja.
Nikakwama kwa mdai: jina lake, anwani,
tarehe ya kulipa.

Bi Kerubo atasema nimeharibu kitabu.
Si uongo. Hesabu hazilingani tena,
kila nikijumlisha tunadaiwa.

Ghorofa ya tano mtu amefungua mfereji.
Nausikia ukikohoa, ukikohoa,
kisha maji.
Nimeshika kalamu.
Bado yanatiririka.