Mpwa wa Mwenye Chilumba

Alikuja bomani Newala na nguo ya bluu,
vijakazi wawili nyuma, shingo haigeuki,
akauliza bunduki yake iko wapi.

Nang'ombe, aliyezaliwa jikoni mwa watu,
ndiye aliyekuwa amiri wetu. Akampa kibuyu.
"Maji yako bondeni. Ukirudi nacho kimejaa, tutazungumza."

Siku ya kwanza yalimwagika yote gengeni.
Ya pili, nusu. Tulicheka;
mimi nilicheka kupita wote, Mungu anisamehe.

Masika yakapita. Akabeba baruti,
kisha gobori, kisha akapewa watu kumi,
na usiku Magwangwara walipopanda na ngao zao
ni yeye aliyebaki langoni
akihesabu kwa sauti risasi zetu:
saba, sita, sita,
sita.
Kulikuwa na mmoja hafyatui.
Akamwita taratibu, kwa jina la mama yake.
Tano.

Leo amevikwa kilemba cha mjomba.
Wanasema vita vilimfunza unyenyekevu.
Hawamjui. Kiburi kipo,
kimehama tu: kimetoka shingoni
kikakaa begani, kwenye kovu la kamba ya kibuyu,
na kila avaapo nguo
huikunja, lionekane.