Mapigo Yasiyofika

Alhamisi, Oulu, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Chumba cha chini, ukuta kwa ukuta na sauna ya jengo:
upande ule majirani wanajimwagia maji na kucheka,
upande huu sisi wanne, ramani ya miraba, mkate mweusi,
na dadu lenye nyuso ishirini
ambalo Teuvo, msimulizi wetu, hamkopeshi mtu.

Nilichagua kuwa mchawi kwa sababu ya moto.
Nakiri. Mchana natengeneza lifti,
kazi ambayo ukiifanya sawasawa hakuna ajuaye kama upo.
Nilitaka, walau usiku mmoja, nionekane.

Mlangoni mwa pango: vizimwi vitatu, vifupi, vina mikia ya panya.
Nikavimwagia radi. Nikavimwagia moto.
Nikamwaga tena vilipokwisha kukimbia,
nikavichoma visigino.
Saa tatu baadaye likaja joka.
"Kaisu," akauliza Teuvo, "unafanya nini?"
Nikatazama karatasi yangu, mbele na nyuma.
"Nina kisu," nikasema.

Tarmo, fundi bomba, alicheka hadi kahawa ikamtokea puani.

Raili hakucheka.
Raili aliendesha basi la mikoani miaka thelathini na mmoja,
barabara za barafu, abiria wamelala.
Ndiye mganga wetu; mezani hapa hajawahi kuua hata mende.
"Akiba haiozi," akasema, akanipasia siagi.

Basi nikawa bahili.
Wiki iliyofuata daraja likakatika. Nikasema, ngoja.
Jitu likazuka majini. Bado.
Tarmo akapigwa, akapigwa tena, akapiga goti,
nami moyoni: huko mbele labda kuna baya zaidi.
Hakukuwa na mbele.
Alikufa kwenye mraba wa kumi na saba,
na mimi nina makago matatu mfukoni, mabichi, hayajaguswa.
Akafuta jina la askari wake kwa raba, polepole,
akipuliza vumbi.
Akiba haiozi, ni kweli.
Anayeoza ni mwenzio.

Koridoni, tukifunga kamba za buti, Raili akanena,
na hakuwa mtu wa kunena:
"Unamtazama sana adui. Mtazame Tarmo.
Akilisugua dadu kabla ya kulirusha, anaogopa.
Mimi barabarani niliangalia mbele, ndiyo,
lakini kioo kile kidogo cha juu, chenye vichwa vya abiria,
sikukiacha hata nusu kilomita."

Kwa hiyo tulipofika chini ya mto,
mbele ya lile jambo lisilo na uso na watumishi wake arobaini,
sikuwasha kitu.
Nilitandaza ukungu katikati yao,
jeshi likakatika vipande viwili kama mkate,
kipande kimoja kikahangaika gizani, kikiulizana njia.
Nikamsubiri Raili amfunge Tarmo jeraha.
Nikajificha nyuma ya nguzo, bila aibu.
Halafu Tarmo, na askari wake mpya asiye hata na jina,
akalisugua dadu.

Nikamzindika.

Pigo likaja, likapungukiwa na moja.
Moja tu! Teuvo alihesabu mara mbili, uso umemkunjamana.
Tarmo akajibu kwa upanga, ikatoka ishirini,
tukapiga kelele hadi watu wa sauna wakagonga ukuta.
Kwenye kitabu cha safari Teuvo akaandika:
*Tarmo alilikata kichwa.*
Hakuongeza neno.

Nikiwa nazoa makombo nikamwona Raili
akifungua daftari lake la zamani la ratiba za basi.
Safu ndefu ya vijistari vya penseli. "Mapigo yasiyofika," akaniambia,
kana kwamba nimemuuliza saa.
Akaongeza kistari kimoja,
na pembeni yake, kidogo sana, K.

Asubuhi nilipaka grisi kamba za chuma, lifti ya hospitali.
Mzee mmoja akaingia na maua yaliyofungwa gazetini,
akabonyeza saba,
akasimama akitazama viatu vyake
mpaka juu.