Mito Sita ya Boti

Fundi wa Kadutu alitaja dola arobaini.
Nikamwambia asante, nikaibeba mito yangu kichwani
hadi Muhungu, ikinidondoshea maji ya Kivu shingoni.

Wembe. Shazia. Uzi wa nailoni wa nyavu za sambaza.
Turubai la buluu, mita tano, nusu bei kwa sababu ya doa.

Mto wa kwanza nimeupasua kama samaki:
maganda ya karanga, kifungo, laini ya simu,
noti ya zaire iliyolainika kama leso.
Nani aliukalia utajiri huu hadi Idjwi na kurudi
mpaka ukamfia chini yake?

Sponji imeoza katikati, pembeni bado nzima.
Nakata, naunga, najazia matambara:
suruali ya Bahizire, pazia, fulana ya kampeni
ya mtu aliyeshindwa. Kiti alikitaka, basi.

Chini ya ngozi bandia kuna kitenge.
Chini ya kitenge, gunia. Na kwenye gunia
mishono mirefu, ya haraka, inayoinamia kushoto:
mtu mwenye mashoto, simjui, mwenye safari alfajiri.
Sikuifumua. Nimeshona juu yake.

Kidole gumba kimetoboka mara mbili.
Mto wa nne umevimba shavu moja
kama mtoto mwenye jino bovu.

Jumatatu, bandarini, abiria wa kwanza
alikuwa Mama Nshokano na ndoo zake za maharagwe.
Akakaa, akainuka, akakaa tena.
"Huu unanisukuma."
Nikamwambia: nawe usukume.